Meli ya Liemba na Hukumu ya Mali Iliyozama Ziwani

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa masuala yanayoletwa kwa maimamu wa misikiti iliyo kando ya maziwa yetu ni hili. Mvuvi ametoka usiku, upepo umemkuta, boti imepinduka. Yeye kanusurika kwa kuogelea, lakini mashine ya boti, nyavu na taa vimekwenda chini. Anatafuta siku mbili tatu, hapati, anarudi nyumbani. Miezi inapita. Mvuvi mwingine anavuta wavu wake, anahisi uzito usio wa samaki, anapiga mbizi na kuikuta ile mashine. Anaiopoa, anampelekea fundi, anailipia, inawaka. Siku moja mwenyewe anaiona mwaloni na kuitambua. "Hii mashine ni yangu." Mwenzake anamjibu: "Yako ilizama, bwana. Hii nimeitoa mimi majini." Baada ya swala ya Alasiri wote wawili wamekaa mbele ya imamu.

Imamu ambaye hajapata kuusoma mlango huu atawaambia wagawane nusu kwa nusu. Kama wote wawili wataridhia, hiyo ni sulhu na sulhu inajuzu. Ama kuwahukumia hivyo kwa nguvu kana kwamba ndiyo sheria, hatujui mwanazuoni aliyelisema hilo. Wanazuoni wetu walilizungumza suala hili tangu karne ya kwanza na ya pili ya Hijria, wakakhitalifiana, na kila mmoja akatoa hoja yake. Katika makala hii tumeona tulieleze kwa kupitia kisa kimoja kilichotokea katika Ziwa Tanganyika, kisa cha meli ambayo wakazi wa Kigoma na Ujiji wanaifahamu kuliko sisi. Tumekichagua kwa sababu mambo ambayo katika mashine ya mvuvi ni madogo na hayaonekani vizuri, katika meli hii yameonekana yakiwa makubwa.

Meli iliyokuja ndani ya masanduku

Meli ya Liemba haikuanza na jina hilo. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, ikaitwa Graf von Goetzen. Huyo Goetzen alikuwa gavana wa Kijerumani wa Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, yaani ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905. Waislamu wa Kilwa, Lindi na Songea hawahitaji kukumbushwa jina hilo lilikuwa na maana gani kwa mababu zao.

Baada ya kuundwa ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Reli yenyewe ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu, kwa jasho la wafanyakazi Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wajerumani watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja pamoja na masanduku yale ili waiunge upya meli. Wakati kazi ikiendelea, Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, na badala ya kubeba abiria na mizigo ikafungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyomalizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai mwaka huo huo.

Habari za vita vya ziwani zimeandikwa na wengi, nasi hatutazirefusha. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikavutwa nchi kavu kutoka Afrika ya Kusini mpaka ziwani. Ndani ya miezi michache Wajerumani walipoteza meli zao mbili ndogo, Kingani mwezi Desemba 1915 na Hedwig von Wissmann mwezi Februari 1916. Goetzen ikabaki peke yake. Wabelgiji wakawa wanasonga mbele kutoka upande wa Kongo, na ndege zao zikaushambulia mji wa Kigoma. Kufikia mwezi Julai ikawa wazi kwamba mji hautashikika.

Siku za kumi la mwisho la Ramadhani

Tarehe 26 Julai 1916 iliangukia katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1334 Hijria. Waislamu wa Ujiji, mji wa Kiislamu wa zamani ulio jirani tu na Kigoma, walikuwa katika saumu. Siku hiyo Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, kusini ya Kigoma, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia mjini.

Tunamwomba msomaji atuvumilie hapa, kwani hukumu yote itasimama juu ya namna meli hii ilivyozamishwa. Amri ya mkuu wa kikosi ilikuwa moja tu: izamishwe isichukuliwe na adui. Waliopewa kazi ni wale wale mafundi watatu walioiunga. Nao, kama inavyosimuliwa, waliamua wenyewe kuitekeleza amri kwa njia ambayo ingewezesha meli kutolewa siku moja. Walizipaka injini zote tabaka nene la grisi ili maji yasizile. Waliijaza meli mchanga ili ishuke kwa utulivu na ikae pale pale. Wakaishusha taratibu mahali penye kina cha mita 20 hivi.

Mita 20, katika Ziwa Tanganyika! Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina, na sehemu yake ya chini kabisa inafikia mita 1,470. Mtu aliyekata tamaa na meli yake, akawa hataki mwingine yeyote aipate, angeisogeza mbali kidogo na pwani, ikaenda mahali ambapo hakuna mpiga mbizi wala mnyororo wa kuifikia mpaka leo. Hawakufanya hivyo. Grisi, mchanga na kina kile kidogo ni mashahidi watatu wanaosema jambo moja: aliyeizamisha alikuwa na nia ya kurudi.

Mwanafunzi wa Qur'an hapa atakumbuka kisa cha Nabii Musa (A.S.) na mja mwema katika Suratul Kahf. Katika aya ya 71 mja yule anaitoboa jahazi na Musa anamkanya, na katika aya ya 79 sababu inabainishwa: jahazi ilikuwa ya maskini wafanyao kazi baharini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo. Kuitia aibu ndiko kulikoinusuru. Wanafunzi wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wanaijua aya hii zaidi katika mlango wa zaka, kwa sababu Imam Shafi (R.A.) aliitumia kuonesha kwamba fakiri ni mwenye hali mbaya kuliko maskini, maana maskini hao walikuwa na jahazi. Lakini wanazuoni waliitoa humo hukumu nyingine pia, nayo ni kujuzu kuharibu sehemu ya mali ili kuihifadhi iliyobaki.

Hatusemi kwamba mafundi wa Papenburg wanafanana na mja yule mwema, wala kwamba dola iliyopigana Maji Maji inafanana na wale maskini. Tofauti ni kubwa na haihitaji kufafanuliwa. Tunachokitaka katika aya ni kanuni moja: kitendo cha kuitoboa jahazi kwa nje ni kuiangamiza, lakini kwa nia na kwa matokeo ni kuihifadhi. Kwa hiyo kuzamisha peke yake si dalili kwamba mwenye chombo ameacha miliki yake.

Wanazuoni walisema nini

Tuanze kwa kuondoa milango miwili ambayo watu huingia kimakosa. Wa kwanza ni mlango wa rikazi. Rikazi kwa jamhuri ya wanazuoni ni hazina iliyofukiwa na watu wa zama za kabla ya Uislamu, na ndani yake mna khumsi, yaani moja ya tano. Meli au mashine ambayo mwenyewe anajulikana haimo humo. Wa pili ni mlango wa vinavyotolewa baharini kwa asili yake, kama lulu na ambari. Ibn Abbas (R.A.) alisema juu ya ambari kwamba si rikazi, bali ni kitu kilichotupwa na bahari. Vitu hivyo havikuwa na mwenyewe kabla ya kuokotwa. Mashine ya boti ilikuwa naye.

Mlango wa lukata, yaani kiokotwa, uko karibu zaidi. Hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamwamuru aliyeokota atambue alama za kitu kisha akitangaze mwaka mzima. Hiyo inamhusu asiyemjua mwenye mali. Lakini mwaloni watu wanajuana, na mashine ina namba na rangi. Suala letu halisi ni jingine: mwenye mali anajulikana, ila mali ilikuwa imekwisha kupotea na mtu mwingine akajitaabisha kuitoa. Je, ni ya nani, na aliyeitoa ana nini?

Imam Abu Dawud amepokea kwa njia ya al-Shaabi hadithi ambayo maana yake ni kwamba mnyama akiachwa na wenyewe jangwani kwa kushindwa kumlisha, kisha akaja mtu akamhuisha, basi ni wake. Wanazuoni wamezungumza juu ya isnadi yake. Waliochukua maana yake, akiwemo al-Layth bin Saad wa Misri na Is-haq, walisema mnyama ni wa aliyemhuisha. Imam Malik akasema ni wa mwenyewe wa mwanzo, ila atamrudishia mwenzake alichotumia. Imam Shafi na Ibn al-Mundhir wakasema ni wa mwenyewe, na aliyetumia amejitolea tu.

Kutoka hapo wakaingia majini. Ibn Qudama, mwanazuoni mkubwa wa Kihanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria, amezikusanya kauli hizi katika kitabu chake al-Mughni, naye ametenganisha hali mbili ambazo watu huzichanganya. Hali ya kwanza ni ya mali ambayo wenyewe wameitupa majini kwa mikono yao wakihofia kuzama. Katika hiyo amesema yamkini aliyeitoa akaimiliki, na akainasibisha kauli hiyo kwa al-Layth. Al-Hasan al-Basri naye aliona kwamba kinachotolewa na mtu ni chake, ama kile ambacho maji yamekauka kikabaki wazi ni cha wenyewe. Ibn al-Mundhir akapinga: kirudishwe kwa wenyewe, wala aliyekitoa hana ujira. Hali ya pili ni ya jahazi iliyovunjika na watu wakaiopoa mali iliyokuwamo. Hapo Malik, Shafi na wengine wamesema wenye mali wanachukua mali yao na waliopata hawana kitu.

Sasa tuiweke Goetzen katika mizani hiyo. Haikuvunjika kwa dhoruba. Ilizamishwa na wenyewe, kwa hiyo kwa sura yake inafanana na mali iliyotupwa, na mtu wa haraka angesema kwa kauli ya al-Layth kwamba ni ya yeyote atakayeitoa. Lakini hoja ya kauli hiyo ni kwamba mwenye mali ameitupa mahali inapoangamia kwa hiari yake na kuikatia tamaa. Hoja hiyo ikiondoka, hukumu nayo huondoka. Na grisi imeiondoa. Hakuna mtu anayeipaka mafuta injini ambayo haitarajii.

Mtu anaweza kutuuliza: nia ya kurudi ilikuwa ya mafundi, na amri ya mkuu haikuitaja. Mafundi ni mawakili, na miliki ni ya aliyewatuma. Swali ni zuri. Jawabu letu ni kwamba asili ya miliki ni kubaki, na yakini haiondoshwi kwa shaka. Mwenye kudai kwamba mwenye mali ameacha miliki yake ndiye anayetakiwa alete dalili. Amri ya kuzamisha ili adui asiichukue haina neno la kuacha ndani yake, na vitendo vya mawakili havikuipinga bali vimezidi kuithibitisha asili. Mkuu angekuwa amekusudia kuiangamiza kabisa, baruti aliyokuwa nayo ingetosha.

Kuinuliwa mara mbili

Vita vilipokwisha, hali ilibadilika kwa njia isiyohusiana na mbizi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 120, uliamua kwamba mali za dola ya Kijerumani zilizomo katika makoloni yake ya zamani zipite kwa serikali zitakazoyatawala. Kwa mtazamo wa walioandikiana, miliki ilihama kwa mkataba, na wala si kwa kuopoa. Hatuingii katika mjadala wa ghanima hapa, kwani pande zote mbili hazikuwa za Waislamu na ardhi yenyewe haikuwa ya yeyote kati yao. Inatosha kuona kwamba hata wao hawakusema meli ni ya atakayeitoa. Walihitaji mkataba ili ihame.

Wabelgiji ndio walioinua kwanza, wakati Kigoma ingali mikononi mwao, wakaivuta hadi bandarini. Dhoruba ikaipiga, ikazama tena. Mwanafunzi wa fiqhi aone hapa suala la jiala, yaani zawadi iliyoahidiwa kwa kazi fulani. Kanuni yake ni kwamba ujira haupatikani mpaka kazi itimie na kitu kikabidhiwe. Mtu akikuahidi malipo kwa kuiopoa boti yake, ukaifikisha juu ya maji kisha ikakuponyoka kabla hujamkabidhi, huna dai kwake, ingawa umetaabika. Ndiyo maana tunawanasihi wapiga mbizi wetu wasiingie majini kwa ahadi ya jumla tu. Waafikiane kwa ijara, siku kwa siku, ikiwa kazi ni ya hatari na matokeo yake hayajulikani.

Kigoma ilikabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921, nao wakaitoa meli tena tarehe 16 Machi 1924. Kuopoa chombo cha chuma kilichokaa chini si kukivuta kwa kamba. Kwanza ni kukipata. Wavuvi wetu hushika mahali kwa alama za nchi kavu, kilima hiki kikae nyuma ya mti ule, na upande wa pili alama nyingine mbili. Mistari hiyo inapokutana ndipo penyewe. Kisha nanga ndogo hukokotwa chini mpaka inase. Baadaye mpiga mbizi hushuka kuangalia chombo kimelalaje, kwani kilichosimama wima na kilicholala ubavu havitolewi kwa njia moja. Mchanga na tope lazima viondolewe, matundu yazibwe, maji yapampwe yatoke, na hapo ndipo chombo huanza kujibeba chenyewe.

Walipofungua vyumba vya mitambo waliikuta grisi imefanya kazi yake. Injini na boila zilikuwa bado zinafaa. Meli ikatengenezwa na kurudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitumika kwa sehemu ya kusini ya ziwa hilo. Jina la gavana halikurudi. Kwa miongo mingi baada ya hapo Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Zaire, na mwaka 2015 iliwatoa Kagunga wakimbizi wa Burundi na kuwafikisha Kigoma. Idadi ya watu waliovushwa na chuma kile kilichowahi kulala chini ya maji mara mbili ni Allah ndiye aijuaye.

Ujira wa mwenye kuzamia

Tunarudi kwa Ibn Qudama, kwa sababu baada ya kutaja kauli ya Malik na Shafi hakuishia hapo. Alisema kwamba kwa kukisia juu ya kauli ya Imam Ahmad, mwenye kuopoa mali katika jahazi iliyovunjika anastahiki ujira wa mfano wake, hata kama hakuafikiana na mwenye mali. Hoja yake inapendeza kwa namna inavyoijua hali ya watu: mpiga mbizi akijua kwamba atalipwa ataharakisha kuokoa, na akijua kwamba kitachukuliwa mikononi mwake bure hatahatarisha nafsi yake. Matokeo yake ni mali ya Waislamu kupotelea majini.

Sisi wa pwani na wa bara wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kauli ya madhehebu ni kwamba afanyaye kazi bila kuombwa na bila kuahidiwa hana ujira. Kauli hiyo ina nguvu yake. Inawazuia watu wajanja wasifanye huduma zisizotakiwa kisha wakadai fedha, na kila mtu amewahi kukutana na mtu wa namna hiyo stendi ya mabasi. Lakini ziwani tunaona kauli ya Kihanbali ina maslahi zaidi, na imamu anayeombwa kusuluhisha ana nafasi ya kuitumia. Anayeshuka majini gizani haji na ujanja. Anakuja na pumzi yake.

Na aliyeonesha tu mahali? Mafakihi wa Kishafi wanasema katika jiala kwamba ujira unafuata taabu. Aliyesimama ufukoni akanyosha kidole hana kitu. Aliyezunguka kwa mtumbwi siku nzima kwa ahadi ya mwenye mali mpaka akapapata, huyo amefanya kazi.

Kabla ya mali

Haifai kuandika juu ya vyombo vilivyozama tukazungumza chuma na kuwasahau watu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, wengi wakiwa ndani ya meli yenyewe iliyokwenda nao chini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, idadi rasmi ya waliofariki ikawa 228, na siku mbili baadaye fundi mmoja wa kivuko akatolewa hai, akiwa amebaki mahali penye hewa ndani yake. Kivuko hicho kilinyanyuliwa na kuvutwa ufukoni, na maiti zikatolewa. MV Bukoba haikutolewa.

Kwa imamu tofauti hii si ndogo. Imam Nawawi katika Minhaj amesema kwamba aliyekufa chini ya kifusi na mfano wake, ikashindikana kumtoa na kumwosha, hasaliwi, kwa sababu kuoshwa ni sharti la swala ya jeneza. Wafafanuzi wameingiza humo aliyezama. Hebu fikiria imamu wa Mwanza au Bukoba mwaka ule, mbele yake wajane na mayatima, na kitabu alichosomeshwa kinamwambia hivyo. Lakini al-Khatib al-Shirbini katika Mughni al-Muhtaj amenukuu kutoka kwa baadhi ya waliokuja nyuma kwamba hakuna sababu ya kuiacha swala, kwani kinachowezekana hakiporomoki kwa ajili ya kisichowezekana, na kwamba al-Adhrai ameirefusha maudhui hiyo. Nasi tunaichukua kauli hiyo bila ya kusitasita. Sharti lililoshindikana limeanguka, na haki ya maiti juu ya ndugu zake imebaki palepale. Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyezama miongoni mwa mashahidi, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, ingawa huyo ni shahidi wa akhera, akipatikana anaoshwa, anakafiniwa na kusaliwa kama maiti wengine.

Ama kushuka kumtafuta maiti, ni wajibu kwa mwenye uwezo maadamu hahofii nafsi yake. Ikiwa kina na giza vinamhatarisha aliye hai, haijuzu kumtupa aliye hai kwa ajili ya aliyekufa. Na wakati wowote ambapo kuna uwezekano wa mtu hai ndani ya chombo kilichopinduka, ni haramu kuanza na mizigo, au kukitoboa na kukivuta kiholela, kabla ya kuuliza wanaojua. Chombo kilichopinduka huelea kwa hewa iliyonaswa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo anayoivuta aliyemo.

Wale wavuvi wawili

Sasa imamu anaweza kuwajibu watu wake wawili waliokaa mbele yake. Kwanza amuulize mwenye mashine: ulipozama, ulisema nini na ulifanya nini? Kama alitafuta, akaweka alama, akawaambia watu wa mwalo kwamba mashine yake iko sehemu fulani, basi hiyo ndiyo grisi yake. Miliki yake haikuondoka, na mashine ni yake kwa kauli ya Malik, Shafi na Ahmad. Kama alisema mbele ya mashahidi kwamba ameiacha na atakayeipata ni yake, amekwisha kuitoa mwenyewe, wala hana haki ya kurudi baada ya mwenzake kuitengeneza.

Kisha amgeukie aliyeiopoa. Alimjua mwenye mashine? Akiwa alimjua akanyamaza, akaipaka rangi nyingine ili isitambulike, huyo hana ujira bali ana dhambi ya kuficha amana. Akiwa hakumjua, lilikuwa jukumu lake kutangaza mwaloni na kwenye misikiti ya jirani, nje ya msikiti baada ya swala, si ndani yake. Akiwa alitangaza, apewe ujira wa mfano wake. Ujira huo haukadiriwi na imamu kwa kukisia. Waitwe wapiga mbizi wawili na fundi mmoja waadilifu, wahesabu siku alizotumia, mafuta ya boti, kina alichoshuka na fedha aliyompa fundi kwa vipuri vilivyokuwa vya lazima. Rangi mpya na mapambo mengine aliyoyaongeza kwa kupenda kwake hayahesabiwi.

Na ikiwa mwenye mashine hana fedha taslimu, deni hilo litaandikwa mbele ya mashahidi wawili na kulipwa kidogo kidogo kutokana na uvuvi wake, mashine ikiwa mkononi mwake inafanya kazi. Wallahu aalam.